Msaji wa Longuza, chuma cha Ngamiani: miezi 10 na samani zangu mpya

Mteja wa kwanza kuketi kwenye meza yangu mpya alikuwa dereva wa lori la saruji, ambaye hulala kwangu mara mbili kwa mwezi akija kupakia Pongwe. Aliagiza chai na chapati mbili. Kabla chai haijafika akagonga mguu wa meza kwa pete yake, ukalia kama kengele ya shule ya msingi. Akaniuliza, "Mama, hii ni meza au geti?"

Nikacheka kwa sababu ni mteja. Rohoni sikucheka. Siku nne kabla nilikuwa nimemaliza kulipa shilingi 780,000 kwa meza ile, na swali lake ndilo lililokuwa likinitembea kichwani tangu watu wanne walipoiingiza ndani wakihema.

Maana chuma na maua kwetu vimezoeana zamani. Pita mtaa wowote wa Tanga utazame mageti na grili za madirisha: mikia iliyojikunja kama jongoo aliyeguswa, majani ya mzabibu ambao hakuna aliyewahi kuupanda hapa, vichwa vya mikuki juu. Mapambo hayo huuzwa dukani yakiwa tayari, unachagua kama unavyochagua vifungo vya shati, fundi anayachomelea palipobaki wazi. Ndani ya nyumba hatukuyataka, ndani tulitaka mbao. Sasa mtindo umegeuka. Kila mgahawa mpya una meza za miguu myeusi ya chuma na taa zinazoning'inia kwenye mabomba, na anayejiona hodari zaidi anaongeza kibao cha nakshi za pwani ukutani ili wageni wapige picha.

Mimi nina vyumba 5 vya wageni Chumbageni, katika nyumba aliyoniachia marehemu baba, yenye dari la juu na madirisha ya mbao yanayofungukia nje. Nilihitaji samani za kuwavumilia wageni, kwani mgeni hana huruma na fanicha ya mtu. Lakini sikutaka nyumba ya baba ifanane na gereji.

Meza niliyokuwa nayo kabla ya hii niliinunua kwenye duka moja Dar es Salaam. Ubao mzuri, fremu nzuri ya chuma. Masika ya kwanza ubao ukavimba ukainuka katikati. Kiangazi kilipokaza ukanywea, ukapasuka kutoka boliti hadi boliti, ufa wa kupitisha sarafu ya shilingi 200. Nikaipakia kwenye guta nikaipeleka Ngamiani, nikitaka wanizibie ufa tu kwa gundi na vumbi la mbao. Ndivyo nilivyowajua mafundi hawa.

Karakana yao ni ua, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, mlango wa bati, hakuna kibao. Wameniomba nisiandike majina yao wala namba ya simu, eti oda walizonazo zinawatosha, na anayewataka kweli atauliza atafika. Haya. Wako wawili, mjomba na mpwa. Mjomba ni fundi wa nakshi, umri wake sabini na ushei, macho yamepungua lakini vidole bado. Mpwa ni mchomeleaji aliyeanzia kwenye mageti. Ua umegawanywa kwa turubai: upande huu patasi na randa, upande ule grenda na mashine ya kuchomelea, na turubai lenyewe limejaa matundu ya cheche. Lisingekuwapo, takataka za randa zingeshika moto kila siku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaiua meza hii?"

Hakungoja jibu. Aliigeuza juu chini, akaniwekea kidole kwenye boliti moja moja. Zilikuwa nane, zote zimekazwa hadi mwisho kwenye matundu ya duara. Akasema ubao ule umefungwa mikono na miguu, ukitaka kujinyoosha utajinyoosha wapi. Ndiyo habari yote, na ningeijua mapema ningeokoa pesa. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikatanuka kwa upana wake, kwa urefu ni kidogo mno. Sisi tunakaa na unyevu wa bahari mwaka mzima, na ubao wa upana wa sentimita 90 unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya masika na kiangazi. Chuma hakina habari na unyevu, kinabaki palepale. Ukivifunga viwili hivyo kwa nguvu, kimoja lazima kipasuke, na si chuma.

Hawakuiziba. Waliniambia ninunue mbao nyingine, na hapo ndipo oda ilipoanza kukua, kama zinavyokua oda zote.

Meza yenyewe, basi. Juu ni msaji, ule unaopandwa kwenye shamba la miti la Serikali la Longuza, Muheza. Mbao zilikuja na alama ya nyundo ya misitu, ya kuonyesha ni halali, na risiti. Msaji una mafuta yake mwenyewe, mchwa hauupendi, lakini mafuta hayohayo hukataa gundi, kwa hiyo kabla ya kuunganisha mbao mzee alizifuta kingo kwa kitambaa chenye thina, akapaka gundi papo hapo. Miguu ni bomba la skwea la milimita 40. Kilichonifanya niandike haya ni kile kilichoko katikati, kati ya ubao na miguu.

Mpwa alitengeneza fremu ya kuzunguka kwa chuma chenye umbo la U, mdomo wake ukitazama nje. Ndani ya mdomo huo mzee akaingiza ukanda wa mninga, upana wa vidole vinne, aliouchonga nakshi ya mnyororo, ileile unayoiona ikipanda kwenye fremu za milango ya kale ya pwani. Nakshi imerudi ndani kidogo, haifiki usawa wa chuma. Ukipitisha mkono, unaogusa kwanza ni ukingo wa chuma, kisha vidole vinaanguka kwenye mchongo. Magoti ya wageni, viti, ufagio, ndoo ya dada wa usafi, vyote hivyo hugonga chuma. Mchongo una miezi 10 na hauna hata mkwaruzo. Ubao wa juu umeshikwa kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu, si ya duara, ili uende na kurudi. Masika imepita, nimeweka rula juu yake, hakuna kilichoinuka.

Nilitaka na miguu nayo ipambwe. Nilichora mwenyewe, maua ya yungiyungi yakipanda kutoka chini. Mzee akakitazama kikaratasi changu muda mrefu wa heshima, akasema, "Mwanangu, mguu uliopakwa hina haubebi gunia."

Jambo kama hili, chuma kibebe na mbao ipambe, nimewahi kuliona likitimia mara moja tu, Unguja, kwenye Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, miaka mingi kabla ya sehemu ya jumba hilo kuporomoka Desemba 2020. Lilijengwa 1883, enzi za Sayyid Barghash. Baraza zake pana zilizunguka jumba zikiwa juu ya nguzo nyembamba za chuma, na chuma siku hizo ndicho kilikuwa kitu kipya kutoka viwandani. Unazipita nguzo, unakutana na mlango mkubwa umechongwa kila mahali jicho linapotua. Nguzo hazikujaribu kuwa mlango. Nilikuwa msichana, nilichokumbuka nyumbani ni ubaridi wa chuma kwenye kiganja na joto la mbao mara baada yake, na nilipoipitisha mikono yangu kwenye meza ya Ngamiani nikakumbuka safari ile hadi harufu ya boti.

Binti wa dada yangu, anayesomea usanifu wa ndani, hakubaliani nami. Alinionyesha kwenye simu viingilio vya treni za chini ya ardhi za Paris, kazi ya Hector Guimard iliyoanza kuonekana 1900, chuma kimepindapinda kama mashina ya mimea, na taa zimechomoza kama machipukizi. "Mama mdogo, mbona hapa mguu umepambwa na umebeba?" Nikaipeleka picha karakana. Mpwa akaikuza, akaipunguza, akaikuza tena. "Mama, hiki kimemiminwa kwenye kalibu. Ua limezaliwa pamoja na chuma chake. Mimi nanunua bomba limenyooka mita 6. Ukiniambia nilifanye jani, nitalikata, nitalipinda, nitalichomelea, halafu nitakuwa nimekutengenezea geti."

Tangu siku hiyo nimeacha kumchukia yule dereva.

Kitanda sitakieleza kwa kirefu kwa sababu hakina matatizo, na kitanda kisicho na matatizo watu hukilalia tu. Ni samadari, ila nguzo nne ni mabomba ya maji ya inchi 2, na kila nguzo imevishwa pete tatu za mninga zilizokerezwa na kupakwa rangi nyekundu na nyeusi kama za samadari za zamani. Juu kuna fimbo ya chuma ya kutundikia chandarua, hakuna tena misumari ukutani wala kamba kwenye madirisha. Hakilii. Nasema hakilii kwa herufi kubwa kwa sababu vitanda vyangu vya mbao vililia hadi nikawa naona haya kwa wageni wa chumba cha pili. Gharama 1,150,000 pamoja na chaga. Mabomba ya maji hupakwa zinki ili yasishike kutu, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa usiku. Kwa hiyo mpwa aliikwangua zinki kwanza kwenye maungio, akachomelea nje ya ua upepo ukivuma, na pakiti ya maziwa pembeni. Wachomeleaji wote wanaamini maziwa. Mimi naamini zaidi ule upepo. Maungio yakishachomwa hayana zinki tena, ndipo kutu huanzia hapo, kwa hiyo ukinunua kitanda cha namna hii popote, wasugue na kupaka rangi maungio hayo mbele ya macho yako.

Sasa stuli, ambazo ndizo rahisi kuliko vyote na ndizo zimenifurahisha kuliko vyote. Sita, 55,000 kila moja. Fremu ni vipande vya nondo ya milimita 12, mabaki ya ujenzi yaliyonunuliwa kwa kilo, na ile mistari ya nondo imeachwa wazi, haikusuguliwa. Kikalio kimewambwa kwa kamba ya mkonge kama kinavyowambwa kitanda cha kamba, msuko wa vishada vya mraba unaobadili uelekeo kila vidole vitatu. Nakshi hapa ndiyo kikalio chenyewe, ukiiondoa unaanguka chini. Na mkonge na chuma ndiyo Tanga hasa. Miche ya kwanza ya mkonge ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na mwaka huohuo ndipo ujenzi wa reli ya kwenda Usambara ulipoanzia hapa mjini. Baba alifanya kazi karakana ya reli, na nyumbani kwetu kila kitu kilichofungwa kilifungwa kwa waya au kwa kamba ya mkonge. Angeziona stuli hizi angedhani nimeziokota stoo.

Zina kasoro. Wiki za mwanzo kamba inachoma mapaja ya mtu aliyevaa nguo nyepesi, ilibidi nizipitishie moto wa kibatari kuondoa nyuzi zilizosimama, kisha nizisugue kwa kitambaa chenye maji. Kasoro ya pili ilikuwa ya aibu: mgeni mmoja aliinuka kwenda msikitini Ijumaa na mistari ya kutu mgongoni mwa kanzu. Kamba ilikuwa imesugua rangi ya nondo kwa ndani, ikashika unyevu, kutu ikapanda. Nililipa dobi. Mpwa alikuja kuzichukua zote sita bila kubishana, akazungushia nondo mpira wa ndani wa baiskeli kabla ya kuwamba upya. Tangu hapo ni miezi 6, safi.

Kuhusu vichwa vya shaba, kosa ni langu. Nilisisitiza meza iwe na njumu kwenye pembe za fremu, kama vichwa vya shaba vya milango mikubwa. Mzee alinyamaza, nami nikadhani amekubali. Viliwekwa 12, vikang'aa siku ya Idi nikapigiwa makofi. Kufika mwezi wa tatu kila kimoja kilikuwa na duara la kutu limekizunguka kama jicho la mgonjwa. Metali mbili zisizofanana zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja huliwa upesi kuliko ambavyo ingeliwa peke yake, na shaba ikigusana na chuma, kinacholiwa ni chuma. Kwenye mlango vichwa vile vimekaa ndani ya mbao, havina wa kumla. Walivitoa, wakasafisha, wakaziba matundu kwa vizibo vya mpingo vya saizi ya punje ya hindi. Vinapendeza kuliko shaba. Nilipomuuliza mzee mbona hakunikataza, alisema, "Mguu nilikukatalia. Ningekukatalia na hili ungekwenda kwa mwingine."

Na partisheni. Hapa natoa lawama, ingawa nusu ya lawama ni ya mtindo, si ya fundi. Nilitaka kutenganisha sehemu ya kulia na njia ya vyumba. Mpwa akanishawishi tukate bati nene la milimita 2 kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Karakana haina mashine hiyo, alipeleka kazi mahali pengine. Mchoro ulitoka kwenye intaneti, nyota zenye ncha nane zilizofumana, ni mzuri, ila ni wa Morocco, na ukikaa mita tatu kutoka kwenye nakshi ya mkono ya mzee unajulikana mara moja kwamba hawajawahi kusalimiana. Kingo zilizokatwa kwa moto zilikuwa kali, mtoto wa mgeni alijikwaruza. Rangi haishiki vizuri kwenye kingo kali, hukimbia ikabaki nyembamba, na matundu mia mbili ni kingo mia mbili. Upepo wa bahari haukuhitaji hata miezi mitatu. Kutu ilianza kwenye ncha za nyota, ikateremka kama machozi ya wanja. Partisheni ikiguswa na upepo wa mlangoni ilinguruma pia. Ilinigharimu 460,000.

Niseme na jema lake: saa 10 jioni jua likiingia dirisha la magharibi, sakafu yote ilijaa nyota, na wageni waliinua simu zao. Dakika 20 hivi kwa siku. Nikapiga hesabu, nikaona ni nyota ghali. Nimeihamishia uani, nimepanda pesheni chini yake, na sasa imeshafika nusu. Mzee alipita kuleta stuli akaitazama kitambo, akamwambia mpwa wake, "Umeona? Geti limepata kazi." Mpwa hakucheka.

Mengineyo kwa anayefikiria kwenda. Malipo ya utangulizi ni asilimia 60, risiti ni ukurasa wa daftari lenye saini zenu wawili, piga picha. Kwa mbao, taka msaji au mninga uliokauka, uulize umekauka tangu lini. Ukiona vipande vya chuma vizito vya ajabu, uliza vimetoka wapi. Mimi niliwaambia mapema kwamba taruma la reli lisiingie nyumbani kwa binti wa mfanyakazi wa reli, wakaapa hawanunui, na sikuona hata moja uani. Rangi wanapaka red oksaidi, ile ya kuzuia kutu, mara mbili kisha nyeusi mara mbili, na ukisimama pale wanapaka kweli mara mbili. Miguu ya chuma inakwaruza vigae, kwa hiyo ng'ang'ania wakuwekee viatu vya mpira wa tairi, hawaweki bila kuambiwa. Nenda asubuhi, mzee yuko na macho yake, na grenda haijaanza. Vitu vizito mno kwa mtu anayehamahama. Mpangaji wa chumba kimoja akanunue plastiki, simcheki.

Na wakati. Meza niliahidiwa wiki 3, ikaja wiki ya 7. Umeme ulikatika, ndiyo, lakini haukukatika wiki nne. Kulikuwa na arusi mbili na msiba mmoja, na kwenye vyote vitatu mimi mwenyewe nilikuwepo, tukala pilau jamvi moja na mzee, kwa hiyo sikuwa na pa kuanzia kugomba.

Dereva wa saruji bado anakuja. Meza haigongi tena, ila stuli anachukua ileile kila mara, ya karibu na dirisha, na juzi aliigeuza juu chini akatazama msuko kisha akauliza bei. Nilimwambia 65,000. Elfu kumi ni ya kanzu.

Jumatatu nimepeleka utangulizi wa benchi la barazani, futi 6, nondo na mkonge mtupu, bila shaba, bila nyota. Wamesema wiki 3. Nimewaambia wageni wangu baada ya Maulidi.